Tonge la Chihiro: namna ya kupika chakula cha manga kwa vitu vya soko la Kadutu

Mdogo wangu wa mwisho alisimamisha filamu katikati. Umeme ulikuwa umerudi saa mbili usiku, tulikuwa watano mbele ya kompyuta moja, na kila mmoja alijua kwamba unaweza kuondoka tena dakika yoyote. Kusimamisha filamu saa kama hiyo si jambo dogo. Akanigeukia mimi mkubwa wake: "Yaya, huyu binti analia nini, na chakula wamemupa?"

Ilikuwa filamu ya Chihiro, ile ya mwaka 2001 ya Hayao Miyazaki na studio ya Ghibli. Binti wa miaka kumi amepotea katika mji wa miungu. Wazazi wake wamegeuka nguruwe, yeye mwenyewe amenyang'anywa jina. Kijana anayeitwa Haku anamkalisha kati ya maua, anamfungulia matonge ya wali mweupe, anamwambia ale, ameyatia dawa ya kumrudishia nguvu. Binti anauma mara moja, mara mbili, na machozi yanaanza kuporomoka, makubwa kama matone ya mvua ya Aprili.

Nilimjibu kwamba analia kwa sababu kuna mtu aliyemfungia chakula akimfikiria yeye peke yake. Alijikaza siku nzima, na lile tonge limemfungua. Mdogo wangu akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi na sisi tupike ile."

Tangu siku hiyo ninapika chakula cha manga hapa Bukavu, mashariki ya Kongo. (Kwetu tunasema "manga" kwa kitabu na kwa katuni vilevile, na nitaendelea hivyo.) Wengi wameniuliza ninapata wapi vitu vyake. Navipata Kadutu, kwa mama walewale wanaotuuzia ndagala (dagaa) na nyanya. Nitaeleza vyakula viwili, tonge na supu, kwa sababu ukivijua hivyo vingine vitafuata.

Kwanza tazama ni nani anampa nani

Makosa ninayoyaona kwa vijana wenzangu huanzia hapa. Wanaona picha inang'aa, mvuke unapanda, yai limekatwa katikati likiwa na kiini cha rangi ya chungwa, wanakimbilia duka kubwa kutafuta pakiti za bei ya kutisha. Wanarudi na huzuni, au wanapika kitu kisicho na ladha.

Rudi kwenye ile filamu. Ndani yake kuna vyakula vitatu vya kuangalia. Wazazi wa Chihiro wanakuta meza zimejaa chakula cha miungu. Hakuna aliyewakaribisha, lakini wanajipakulia wenyewe, sahani juu ya sahani, na wanageuka nguruwe. Baadaye Haku anampa Chihiro kipunje kidogo cha chakula cha ule mji ili mwili wake usififie na kutoweka. Mwisho kuna yale matonge. Chakula cha kujichukulia kinaharibu, chakula cha kupewa kinaponya. Mama yeyote wa Bukavu angeielewa hadithi hiyo bila kusoma maandishi ya chini.

Filamu ya Totoro ya mwaka 1988 nayo inaenda hivyo. Mama yuko hospitali, na Satsuki, binti mkubwa, anaamka asubuhi kuwafungia baba na mdogo wake chakula cha mchana: wali, tunda jekundu la chumvi katikati, samaki wadogo pembeni. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu mama. Unaona tu mikono ya mtoto inayopanga wali ndani ya kisanduku. Niliiona filamu hiyo mwaka ambao mama yetu alilazwa wiki tatu, nami nikawa ninaamka saa kumi na moja kuwasha makala (makaa) kabla wadogo hawajaamka. Sikuwahi kuona kazi yangu ile imechorwa na mtu, tena kwa heshima kama hiyo.

Siku ileile Totoro ilipotoka, tarehe 16 Aprili 1988, ilionyeshwa pamoja na filamu ya Isao Takahata, mwenzake Miyazaki, kuhusu kaka na dada wawili wanaokufa njaa karibu na Kobe mwaka 1945, dada akiwa na kopo lake la peremende. Takahata alizaliwa mwaka 1935 na aliponea bomu za Okayama akiwa na miaka tisa. Miyazaki alizaliwa mwaka 1941. Waliochora mvuke wa wali kwa upendo namna ile walikuwa watoto wa nchi iliyojua sufuria tupu. Ndiyo maana katika manga zao hata kijiko cha wali kinapewa muda wake kwenye skrini.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda sokoni, jiulize unampikia nani. Anayesafiri au kwenda shuleni anataka tonge. Mgonjwa, au aliyelowa mvua, anataka supu.

Tonge, yaani onigiri

Jina lenyewe linatoka katika neno la Kijapani la kushika na kubana mkononi. Ni tonge kabisa, kama la bugali. Na kama vile kwetu mtu aliyekula viazi na maharage bado anaweza kusema hajala kwa sababu hajaona bugali, Wajapani nao wana neno moja, gohan, kwa wali na kwa mlo wowote. Wanaofuata manga ya Dragon Ball wataukumbuka wali huo: ndio jina la mtoto wa Goku.

Mchele ndio kila kitu. Mara ya kwanza nilichukua mchele mrefu wa kutoka nje, ule mweupe sana unaonukia, kwa sababu niliona ni wa heshima zaidi. Matonge yalisimama vizuri mezani. Mdogo wangu alipofika shuleni alikuta punje zimetawanyika katikati ya madaftari. Mchele mrefu hutengana kwa tabia yake, na mchele wa Kijapani ni mfupi na hushikana. Chukua mchele wa bonde la Ruzizi, unaotoka pande za Luvungi na Sange, na umwombe mama muuzaji akupe uliovunwa karibuni. Weka punje mbili mdomoni uzitafune mbichi: zikiacha unga mzito kwenye ulimi, utashikana.

Pima vikombe viwili vya mchele. Osha kwa kuzungusha mkono polepole, ukibadilisha maji mara tatu au nne, hadi yabaki na ukungu kidogo tu. Loweka nusu saa katika vikombe viwili na nusu vya maji. Usitie mafuta, usitie kitunguu, usitie chumvi. Najua sisi tumezoea kuukaanga mchele kwanza, na wali wa namna hiyo ni mtamu, lakini mafuta hufunika kila punje na tonge halitashika hata ukilibana kwa nguvu zote.

Wazee wa Kijapani wana usemi juu ya moto wa wali ambao nadhani ulitungwa na mtu aliyepikia kuni: mwanzo moto mpole, katikati moto mkali, na hata mtoto akilia usifunue kifuniko. Kwenye mbabula, jiko la makala, ninafanya hivi. Naanza na makala machache, dakika tano. Naongeza na kupepea hadi mvuke usukume kifuniko. Nikisikia mlio wa maji umegeuka kuwa mlio mkavu, kama mtu anayekunja karatasi, naondoa makala karibu yote na kuacha dakika kumi na tano. Kisha naitoa sufuria, naweka vipande viwili vya makala juu ya kifuniko, nasubiri dakika kumi na tano nyingine. Mji wetu uko juu, ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye digrii kama 95 tu badala ya 100. Ndiyo sababu muda wa mapishi ya kwenye video hautoshi kwetu. Ongeza muda, usiongeze moto.

Sasa mikono. Weka bakuli la maji na kisahani cha chumvi karibu nawe. Lowesha viganja vyote viwili, gusa chumvi kwa ncha za vidole viwili, ipake kiganjani kote. Maji yanazuia wali kunata, chumvi inatia ladha nje na kukisaidia chakula kukaa. Pakua wali wa moto, wa kujaa kiganja cha kushoto. Utaungua kidogo, vumilia, kwa sababu wali ukipoa haushikani tena. Bonyeza shimo katikati, weka kitoweo kidogo cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, funika kwa wali. Mkono wa kulia ukunje kama paa la nyumba juu ya tonge: hapo ndipo pembe tatu inatokea. Bana, zungusha, bana, zungusha, bana. Mara tatu au nne zinatosha. Hapa ndipo tonge la wali linapoachana na tonge la bugali, kwani bugali tunaubana hadi uwe laini kama udongo, lakini hili linabanwa nje tu, ndani libaki na hewa. Likiingia mdomoni liachane lenyewe.

Kitoweo cha katikati kwa Wajapani wengi ni umeboshi, tunda dogo linalolowekwa kwa chumvi na kukaushwa juani, chachu hadi macho yanafumba. Hapa nilipata mbadala ninaoujivunia. Kuna tunda jekundu la umbo la yai tunaloliita pruni ya Japon. Jina lake linadanganya, kwa sababu tunda hilo asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, lakini uchachu wake unafaa kabisa. Menya, kata robo, paka chumvi nyingi, tandaza kwenye sinia juani siku nzima chini ya chandarua cha nzi, kisha katakata ndogondogo. Mdogo wangu anapendelea ndagala waliokaangwa wakauka na pilipili. Vyote ni sawa.

Yale majani meusi ya baharini wanayofungia tonge sijapata hapa kwa bei ya maana, na sikuyatafuta sana. Zamani Wajapani walifungia matonge yao katika maganda ya mwanzi. Sisi tuna jani la mgomba. Lipitishe juu ya makala hadi liwe laini na ling'ae, lipanguse, funga. Plastiki hutoa jasho na kuharibu wali mapema. Pika asubuhi, kiliwe mchana uleule. Kilichobaki hadi jioni usimpe mtoto, wali uliolala kwenye joto huleta tumbo baya.

Supu ya samaki wadogo

Hapa moyo wangu unafunguka zaidi, kwa sababu supu hii ilinionyesha kwamba tulikuwa jirani na Japani bila kujua.

Chini ya vyakula vingi vya Kijapani kuna maji ya ladha wanayoyaita dashi. Kuna ya mwani, kuna ya samaki mkubwa aliyekaushwa na kuparuzwa kama mbao, na kuna ya nyumbani, ya bei nafuu, inayotengenezwa kwa dagaa wakavu wanaoitwa niboshi. Mara nyingi hao ni anchovi, samaki wadogo walio jamaa za sadini. Sambaza wa ziwa letu ni ukoo wa sadini. Ndagala wanaopanda kutoka Uvira ni ukoo huohuo. Hata sambaza mwenyewe alitoka Tanganyika, akaletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Niliposoma hayo niliinuka nikaenda jikoni kukitazama kikapu cha mama.

Supu ya kwanza ilikuwa chungu. Nilikuwa nimemimina samaki wazima sufuriani nikachemsha kwa moto mkali, na mdogo wangu akarudisha bakuli bila kusema neno. Uchungu uko kichwani na tumboni. Chukua kiganja kimoja cha ndagala wakavu kwa lita moja ya maji. Waoshe haraka kuondoa mchanga, maana wengi hukaushwa chini. Kisha shika mmoja mmoja: kidole gumba nyuma ya shingo, vunja kichwa kwa kukivuta kuelekea tumboni. Ukivuta vizuri, kichwa kinatoka pamoja na kile kifuko cheusi cha tumbo, kama uzi. Kikibaki, pasua samaki kwa ukucha, kitoe. Kazi hii inachukua dakika ishirini, na watoto wanaipenda wakipewa kila mmoja fungu lake.

Loweka samaki hao katika maji baridi tangu usiku. Asubuhi maji yatakuwa na rangi ya chai nyepesi. Weka nyanya moja iliyokatwa, weka sufuria kwenye moto mdogo, na maji yakianza kutoa vipovu pembeni punguza zaidi. Dakika kumi. Toa povu kwa kijiko, chuja kwa kitambaa safi.

Nyanya nimeiweka kwa sababu maalumu. Mwaka 1908 mwanakemia Kikunae Ikeda alichunguza supu ya mwani akapata ndani yake glutamati, akaiita ladha yake umami, ile ladha isiyo tamu, chachu, chungu wala ya chumvi. Samaki wakavu wana kitu kingine kinachoitwa inosinati, na viwili hivyo vikikutana ladha huzidi kuliko kila kimoja peke yake. Mwani hatuna, lakini nyanya iliyoiva ina glutamati. Mama zetu wanaopika sambaza kwa nyanya wamekuwa wakifanya ndoa hiyo miaka yote.

Ukitaka kuifanya iwe rameni, ile supu ya tambi anayoipenda Naruto, kijana wa manga, unahitaji tambi zenye mnofu. Tambi za rameni hukandwa kwa maji ya magadi. Chukua spageti nyembamba za kawaida, chemsha maji mengi katika sufuria kubwa, na kwa kila lita moja tia kijiko kimoja cha supu cha bikarbonati. Tia polepole, maji yataumuka kama maziwa. Spageti zitageuka rangi ya njano na kupata ule mvutano wa meno. Zichuje, zisuuze haraka kwa maji ya moto. Yai: dakika nane hapa kwetu, kisha maji baridi mara moja, na kiini kitabaki laini. Katika bakuli weka chumvi, kijiko cha sosi ya soya kama unayo, tangawizi iliyoparuzwa, mimina supu ya moto, ingiza tambi, yai, majani ya kitunguu, na lengalenga (mchicha) zilizochemshwa kidogo.

Kile kipande cheupe chenye mzunguko wa waridi unachokiona juu ya bakuli la Naruto ni andazi la samaki, na jina lake, narutomaki, linabeba jina la kijana mwenyewe. Usilitafute. Kumbuka badala yake kwamba Naruto ni yatima ambaye kijiji kizima kinamkwepa, na mwalimu wake Iruka ndiye anayempeleka kibandani na kumlipia bakuli. Rameni ya pakiti pia ina historia ya namna hiyo: Momofuku Ando aliona watu wa Osaka wakipanga foleni kwenye baridi kusubiri bakuli la tambi baada ya vita, na mwaka 1958 akatoa tambi za kwanza za kumwagia maji moto. Kwa hiyo usione aibu ukiwa na pakiti tu. Katika filamu ya Ponyo, ya mwaka 2008, mama anawapikia watoto pakiti usiku wa dhoruba, anafunika mabakuli, na wanasubiri dakika zao wakiwa na furaha kubwa. Ongeza yai, majani na kipande cha nyama, funika, mwambie mtoto afumbe macho hadi ufunue.

Mezani

Wajapani huunganisha viganja na kusema itadakimasu, maana yake ninapokea kwa unyenyekevu. Kwetu aliyepika anasema karibu, na anayekula anasema aksanti mama. Tonge huliwa kwa mkono, na tambi huvutwa kwa sauti bila kuonekana ni utovu wa adabu. Jambo hili lilimsumbua baba siku ya kwanza, ikabidi nimweleze kabla watoto hawajaanza. Ukitumia vijiti, usivisimamishe wima ndani ya wali, kwa sababu hivyo hufanywa kwenye bakuli la marehemu.

Wale samaki uliowachuja usiwatupe. Ladha yao haijaisha yote. Wakaange jioni kwa kitunguu, nyanya na pilipili hadi wakauke pembeni, songa bugali, na umwekee fungu lake yule aliyevunja vichwa vingi zaidi.